Maji ya Ziwa Nyasa ni ya Nani?



Kijana mmoja wa Kyela ametuandikia barua ndefu, yenye mwandiko mzuri na adabu nyingi, nasi tumeona si vema kumjibu peke yake, kwa maana aliyoyauliza yawahusu wengi. Asema kwamba Idi ya mwaka 2025, baada ya mfungo, yeye na baba yake walivuka Mto Songwe kwenda Karonga, nchi ya Malawi, kumwamkia shangazi yake aliyeolewa huko. Nyumbani kwa shangazi alimkuta binamu yake, mwanafunzi kama yeye, wakafungua vitabu vyao vya jiografia na kuvilinganisha. Katika kitabu cha kijana wetu mpaka wa nchi mbili umepita katikati ya Ziwa Nyasa. Katika kitabu cha binamu yake ziwa laitwa Ziwa Malawi, na mpaka umeambaa na ufuko wa Tanzania, hata mtu akioga Matema huwa ameingia nchi ya kigeni kabla maji hayajamfika magotini. Wakashindana mpaka shangazi akaja kuviondoa vitabu na kuwawekea sinia ya chakula.

Liko na jambo la pili. Kabla ya safari, shangazi alimpigia simu kaka yake akamwambia asimchukulie mchele wa Kyela kama ilivyo desturi yake kila Idi, kwa kuwa serikali ya Malawi ilikuwa imepiga marufuku mchele wa kutoka nje, naye hakutaka kaka yake apate taabu njiani. Basi kijana auliza: nchi hizi mbili zapatana au zagombana?

Jibu letu ni kwamba zapatana, na zagombana, na zimekuwa zikiyafanya yote mawili kwa zaidi ya nusu karne. Wala hili si ajabu. Ndugu wawili waliorithi shamba lisilopimwa huweza kubishana asubuhi juu ya jiwe la mpaka, na jioni wakaazimana jembe. Ila ugomvi huu wa ziwa una asili yake, na asili hiyo iko mbali sana na Kyela.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, wajumbe wa Uingereza na Ujerumani walitia sahihi mapatano ya kugawana sehemu za Afrika. Wasomaji wetu wa Unguja na wa pwani huyajua mapatano hayo kwa sababu nyingine: ndiyo yaliyomfanya Mjerumani akubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Mwingereza, na Witu pia akaiacha, naye akapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini, jirani na pwani yake. Kwa ukanda wa pwani ya bara Sultani alilipwa marki milioni 4. Watu wa Kyela hawakulipwa kitu wala hawakuulizwa neno, lakini wamo katika karatasi ile ile. Yaelezwa humo kwamba mpaka, ukitoka upande wa Ruvuma na kufika ziwani, utafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, hata ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe, kisha utapanda na mto. Ufuko ndio uliotajwa. Maji hayakutajwa.

Kwa nini Mjerumani alikubali kusimama mchangani? Ni kwa sababu Mwingereza alikuwa amemtangulia majini. Wamishenari wa Kiskoti wa Livingstonia walileta ziwani meli ya moshi, jina lake Ilala, mwaka 1875, na baada yao ikaja kampuni ya biashara, African Lakes Company, ikajenga kituo Karonga. Kampuni hiyo ndiyo iliyopigana na Mlozi, mfanyabiashara aliyetoka pwani, ambaye mwisho wake Waingereza walimnyonga mwaka 1895. Hiyo ni habari ndefu, na ndani yake mna aibu ya biashara ya watumwa ambayo haifai kufichwa. Tutaieleza siku nyingine inshallah. Kwa leo yatosha kujua kwamba katika Berlin ziwa lilihesabiwa kuwa njia ya Waingereza, na Mjerumani hakuona faida ya kuligombania wakati alipokuwa akipewa kisiwa alichokitamani.

Lakini katika mapatano hayo hayo kimo kifungu cha sita, kifupi, kisemacho kwamba mipaka yote iliyotajwa yaweza kurekebishwa kwa makubaliano kufuatana na mahitaji ya mahali penyewe. Kifungu hiki ndicho ambacho wanasheria wa upande wa Tanzania hukishika kwa mikono miwili.

Na kwa kweli maisha ya ziwani hayakuifuata karatasi. Mwaka 1893 Wajerumani walishusha majini meli yao, Hermann von Wissmann, ikawa yapita huku na huku katika maji ambayo kwa maandishi yalikuwa ya Mwingereza. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nahodha wa meli ya Kiingereza iitwayo Gwendolen. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914, habari ilimfikia Rhoades kwanza. Tarehe 13 Agosti aliingia katika bandari ya Sphinxhaven, ambayo sisi twaiita Liuli, akaikuta meli ya Kijerumani imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, akaipiga mzinga. Yasimuliwa kwamba Berndt, ambaye hakuwa na habari ya vita yoyote, aliingia mashuani akamfuata rafiki yake huku akimkemea na kumwuliza kama amepatwa na wazimu. Akatekwa pale pale. Majuma machache baadaye, tarehe 9 Septemba, yakawa mapigano ya Karonga, na vijana wa Kiafrika wakauana kwa ugomvi wa wafalme wa Ulaya wasiowajua.

Vita vilipokwisha, Mwingereza alishika pande zote mbili, Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na Nyasaland kwa ulinzi wake mwenyewe. Mwenye mashamba yote mawili hana haja ya kutafuta jiwe la mpaka. Ndiyo maana katika taarifa na ramani za Waingereza wa siku zile mpaka waonekana mara katikati ya maji, mara ufukweni, na leo kila upande waweza kutoa kabatini ramani ya Mwingereza yenye kuuunga mkono. Mreno alikuwa mwangalifu zaidi. Novemba 1954 alipatana na Mwingereza kwamba upande wa Msumbiji mpaka upite katikati ya ziwa, isipokuwa Likoma na Chizumulu, visiwa vilivyo karibu kabisa na Msumbiji, ambavyo vilibaki kuwa vya Nyasaland. Hivyo mvuvi wa Msumbiji ana sehemu yake ya maji bila ubishi, na mvuvi wa Liuli au wa Matema, katika ziwa lile lile, maji yake yana kesi.

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui, na huenda wengine wasipende kulisikia. Mwaka 1960, Tanganyika ilipokuwa na serikali ya madaraka, Mwalimu Nyerere mwenyewe alieleza katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba, kwa mapatano yale, hakuna hata tone moja la maji ya ziwa hilo lililo la Tanganyika, na kwamba kulidai ni kumwomba jirani aubadilishe mpaka. Tena Julai 1964, mjini Cairo, ni yeye aliyeleta mbele ya wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika azimio la kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Malawi ilikuwa imepata uhuru wake tarehe 6 ya mwezi ule ule. Hoja hizi mbili Malawi huzishika mpaka leo, na si hoja za kipuuzi. Kijana wetu anayemwona binamu yake kuwa mjinga kwa sababu ya ramani yake, na amwombe radhi.

Lakini na upande wa Tanzania una la kusema, na lenye uzito. Januari 1967 serikali iliiandikia Malawi kwamba inauhesabu mpaka kuwa katikati ya maji, na mwisho wa Mei Mwalimu akalitangaza jambo hilo hadharani. Watu waliokaa ukingoni vizazi kwa vizazi, wakivua, wakisafiri kwa mitumbwi na kuteka maji, waambiwe vipi kwamba maji hayo si yao? Kisha ufuko wenyewe haukai mahali pamoja. Miaka ya mvua nyingi maji hupanda yakameza mashamba, na miaka ya ukame hurudi nyuma. Mpaka ukiwa ni ukingo wa maji, nchi itakuwa yapanuka na kupungua kwa mvua. Na desturi ya mataifa yanayokaa pande mbili za ziwa moja, mara nyingi, ni kugawana katikati.

Dr. Banda alikataa. Mwezi Juni alilipinga jambo hilo katika Bunge lake, na Septemba 1968 akazidi, akadai kwamba si ziwa tu, bali hata sehemu za Tanzania na Zambia zilikuwa za Malawi ya kale. Tusimdhanie mtu kwamba hayo yote yalikuwa ni kwa ajili ya samaki. Mwaka 1964 baadhi ya mawaziri wa Dr. Banda waligombana naye wakakimbia, na miongoni mwao Kanyama Chiume alipata makao Dar es Salaam. Huyu alikuwa amesoma Tanganyika tangu utoto wake, na Kiswahili alikijua hata akatunga vitabu kwacho. Mwaka 1967 Malawi ikafunga uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini ya ubaguzi, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa amemweka adui nyumbani. Miaka mingi ikapita majirani hawa hawana balozi wa kupelekeana.

Na watu wa Songwe je? Wao walikuwa na mambo yao. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga ni watu wa asili moja, na lugha zao zakaribiana hata wasikilizana bila mkalimani. Mtu akikushukuru kwa kusema ndaga huwezi kujua kwa neno hilo ametoka ng'ambo gani. Waliendelea kuoana, kuzikana na kuuziana. Wake wa Kikisi wa pwani ya Matema waliendelea kufinyanga vyungu vyao mashuhuri na kuvipeleka sokoni kwa mitumbwi. Twayasema haya bila kuyapamba, kwani yalikuwapo mashaka pia, na mpakani mtu aweza kushukiwa kwa kosa la kuwa na jamaa upande wa pili.

Kilichozivuta serikali zenyewe zikaribiane, kwa maoni yetu, kilikuwa ni mizigo. Malawi haina bahari. Bidhaa zake zilipita kwa reli za Msumbiji hadi Beira na Nacala, na vita vya Msumbiji katika miaka ya themanini vilipoziharibu reli hizo, ikalazimika kuzungukia Afrika Kusini kwa gharama kubwa mno. Njia nyingine ilikuwa ipo, nayo yapita Karonga, daraja la Songwe, Kasumulu, Tukuyu hata Mbeya, ambako reli ya TAZARA na barabara kuu zaelekea Dar es Salaam. Mwenye njia hiyo ni nani? Ni jirani yule yule wa kesi ya ziwa. Katika miaka hiyo ya themanini uhusiano wa kibalozi ukafunguliwa, na baadaye Malawi ikapata vituo vyake vya kupokelea mizigo Dar es Salaam na Mbeya. Hakuna aliyesema maji ni ya nani. Hilo liliachwa juu ya rafu, na malori yakaanza kupita, na mpaka leo yapita.

Jambo lililoachwa juu ya rafu halikufa, illa lililala. Mwaka 2011 serikali ya Malawi ilitoa leseni kwa kampuni ya Kiingereza, Surestream, kutafuta mafuta chini ya ziwa, na katikati ya mwaka 2012 Tanzania ikataka kazi hiyo isimamishwe. Maneno yakawa makali katika magazeti ya pande zote mbili. Walio mbali na mpaka ndio waliozungumza habari za vita; hatukumbuki kumsikia mvuvi akiiombea nchi yake vita. Wajumbe wakakutana Mzuzu mwezi Agosti, wasielewane. Mwishowe shauri likapelekwa kwa Baraza la marais wastaafu wa Afrika, na Bwana Joaquim Chissano wa Msumbiji akalisimamia, pamoja na Bwana Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Bwana Festus Mogae wa Botswana. Wazee hao walisikiliza hoja za kila upande, lakini hukumu ya kuumaliza ugomvi haikupatikana. Malawi iliwahi kusema itakwenda Mahakama ya Kimataifa ya The Hague, lakini mahakama hiyo haiwezi kuihukumu dola ambayo haikukubali kuhukumiwa nayo. Basi kesi ipo pale pale. Na huku ipo pale pale, Julai 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Lilongwe akawa mgeni wa heshima katika sherehe za uhuru wa Malawi.

Kijana wetu aweza kuuliza kama huo si unafiki. Sisi hatuoni hivyo. Mnafiki huficha ugomvi, na hapa haukufichwa: kila nchi yachapa ramani yake na kuwafundisha watoto wake, na mwenziwe ajua. Walichokubaliana ni kwamba kutokupatana juu ya jambo moja kusiyazuie mengine kumi. Ubora wa njia hii, na upungufu wake, waonekana vizuri zaidi mtoni kuliko ziwani.

Mto Songwe huteremka kutoka milimani, na ukifika uwanda wa Kyela hupinda kama nyoka, nchi ikiwa tambarare. Masika hufurika, na baada ya mafuriko huweza kuuacha mkondo wake wa zamani na kuchimba mwingine. Mtu amepanda mpunga wake Tanzania, na mto ukihama shamba lake limebaki ng'ambo, upande wa Malawi. Mwingine hali kadhalika kwa upande wa pili. Ni nani atakayemwandikia hati? Juu ya jambo hili nchi mbili hazikungoja hukumu ya mzee yeyote. Zilifanya uchunguzi pamoja wa namna ya kuutuliza mto, zikaandaa mpango wa bonde zima wenye mabwawa, umeme na kilimo cha umwagiliaji, na mwaka 2017 zikatia sahihi mkataba wa kuunda tume ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe. Ofisi ya kazi hiyo iko Kyela, kwa hiyo kijana wetu aweza kwenda mwenyewe akauliza mabwawa yamefikia wapi, na angefanya vema, maana mikataba ni mingi na mabwawa ni machache, na mto haungoji.

Sasa turudi kwa mchele wa shangazi. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kadha wa kadha za shamba, miongoni mwao mchele, unga, ndizi, mahindi na tangawizi, ikisema yataka kuwalinda wakulima wake na kuokoa fedha za kigeni, ambazo ilikuwa na upungufu mkubwa wa hizo. Kwa mkulima wa Kyela na wa Tukuyu hilo lilikuwa pigo. Mchele waweza kukaa ghalani, lakini ndizi haziwezi kungoja wakubwa wazungumze. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, na ya Afrika Kusini pia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imezikatalia ndizi zetu. Haikupita muda mrefu Tanzania ikalegeza zuio lake ili mazungumzo yapate nafasi, na mawaziri wakaketi mezani.

Tazama basi tofauti. Ugomvi wa ziwa umedumu tangu 1967, na katika muda huo wote haujamzuia shangazi kupata mchele wa kaka yake. Ugomvi wa mchele ulimfikia jikoni mwake katika mwezi mmoja. Twafikiri vijana wanaojifunza siasa za nchi za nje wangejifunza zaidi kwa kukaa siku moja Kasumulu, wakihesabu kinachopita na kinachorudishwa, kuliko kwa kushindana juu ya rangi za ramani.

Kwa habari ya mtihani, kijana wetu na auchore mpaka katikati ya maji, maana huo ndio msimamo wa serikali yake na ndio atakaopewa alama kwao. Binamu yake na achore kama afundishwavyo Karonga. Lakini wote wawili waandike chini ya ramani zao kwamba mpaka huu haujapatanwa, kwani huo ndio ukweli wa pande zote, na mwalimu mwema hatawapunguzia alama kwa kuusema.

Mwishoni mwa barua yake atuarifu kwamba binamu huyo atakuja Kyela wakati wa likizo, na wamekusudia kwenda Matema kuoga. Twawatakia safari njema. Wasiogelee mbali, maana upepo wa alasiri huinua mawimbi kwa ghafla, na ziwa hilo lina mahali penye kina cha mita 700.